Naomba ushauri: nikikanyaga breki usiku, taa ya nyuma ya kushoto inazima (Peugeot 504)

Salamu wakubwa, salamu wandugu wote. Niko Bukavu, gari ni Peugeot 504 aliyoniachia baba, na sipendi kuikabidhi kwa fundi wa kukatakata nyaya ovyo.

Mchana taa ya breki ya kushoto inawaka hafifu sana, ya kulia iko sawa. Usiku ndiyo hatari: taa za nyuma zinawaka pande zote, lakini nikikanyaga breki tu, kushoto kunakuwa giza kabisa. Kupanda Kadutu hivyo, na lori nyuma yako, moyo unadunda.

Nimeweka ampuli (balbu) mpya ya nyuzi mbili, wati 21/5 (21 ya breki, 5 ya taa ya nyuma). Nimebadilishana ampuli kulia na kushoto, ugonjwa ukabaki kushoto. Fyuzi nzima, swichi ya pedali inapitisha volti 12. Kisha nikavuta waya wa muda kutoka kwenye kikombe cha ampuli hadi hasi ya betri: kila kitu kikawa sawa! Kwa hiyo naamini ni masi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi. Nikaifunga kwa skrubu kwenye bodi ndani ya buti, ikashika siku mbili; mvua ikanyesha, tatizo likarudi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, nikwangue rangi hadi chuma cheupe na kufunga hapohapo, au nivute waya mpya wa masi hadi mbele? Na mkifunga kwenye bodi, mnapaka nini juu ili kutu isirudi?

Asanteni sana.