Kingamwili haionyeshi pampu ya sodiamu kwenye sampuli za figo

Mwanamaabara wa Moshi
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninachunguza pampu ya sodiamu na potasiamu (protini ya utando wa seli inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu) kwenye figo za mbuzi ninazochukua machinjioni alfajiri. Utando wa seli nimeutenga, na kipimo cha utendaji kinaonyesha ATP, molekuli ya nishati ambayo pampu huitumia, ikivunjwa vizuri. Hata hivyo, nikichemsha sampuli kwa nyuzi 95, nikaipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, kuihamishia kwenye karatasi ya nitroselulosi na kuiwekea kingamwili inayoitambua pampu, sioni mstari wowote karibu na kilodaltoni 110 (kipimo cha uzito wa protini), mahali pa kipande cha alfa, kile kikubwa cha pampu. Kuna weusi tu uliokwama juu kabisa. Je, kingamwili imeharibika?

Themi
Usiilaumu kingamwili kabla ya kuutazama huo weusi. Kipande cha alfa hupenya utando mara kumi, na sehemu hizo zisizopenda maji, zikichemshwa, hushikana zenyewe kwa zenyewe zikawa mabonge kama ya ugali uliosongwa vibaya, yasiyoweza kuingia kwenye jeli. Changanya sampuli na SDS (sabuni inayokunjua protini), kisha iache kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa bila kuichemsha, na kwenye jeli hiyohiyo pitisha pia iliyochemshwa ili ulinganishe.

Mzee wa Vimeng'enya, Arusha
Nakubaliana na Themi, ila mimi nina wasiwasi zaidi na hicho kipimo cha utendaji. Utando wa figo una vimeng'enya vingine vinavyovunja ATP, kwa hiyo kuvunjwa kwake peke yake hakuthibitishi kwamba pampu inafanya kazi. Pima tena ukiwa umeweka uabaini, ile sumu ya msunguti ambayo wawindaji hupaka mishale: hujishika kwenye pampu upande wa nje wa seli na kuizima, na kiasi kinachopungua ndicho mchango wa pampu. (Mbuzi anakufaa kuliko panya, ambaye pampu yake ya figo ni sugu kwa sumu hiyo.) Kingamwili nayo itakuambia kiasi cha protini kilichopo, si kazi inayofanywa.

Mwanamaabara wa Moshi
Nimewaelewa, wakuu. Na kipande cha beta, kile kidogo cha pampu, mbona mstari wake umetawanyika karibu na 55 ilhali protini yake ni kama 35?

Themi
Hizo ni sukari zilizoshikamana nacho. Ziondoe kwa kimeng'enya cha PNGase F, nao mstari utashuka na kukaza.