Bata wanahema mdomo wazi mchana kutwa, maji nawamwagia lakini wanazidi. Nakosea wapi?

Bandani
Wakuu, naombeni msaada. Nina bata maji 9 na bukini 2. Joto la wiki hii halina adabu, na hewa ni nzito kiasi kwamba nguo ukianika asubuhi, jioni bado mbichi. Ikifika saa tano wanahema mdomo wazi, koo linapwita, mabawa wameyaachia mbali na mwili kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Nikawa namwaga maji banda zima, sakafu na maranda, mara tatu kwa siku. Badala ya kupoa wamezidi. Jana jike mmoja kataga yai ganda laini, ukilibonyeza linabonyea. Maji ya kunywa yapo muda wote, kwenye vyombo vya kunyweshea kuku.

Kiota
Mkuu, tatizo ni hayo maji ya bandani. Bata hatoi jasho. Anapoa kwa kuhema: unyevu wa kooni unageuka mvuke na kuondoka na joto. Hewa ikishashiba unyevu, mvuke hauna pa kwenda, na wewe umeuongeza ndani ya kuta nne. Usijilaumu, msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo, tena kwa fahari, mpira wa maji mkononi. Toa maranda yaliyolowa leo hii, kabla amonia haijaanza kuwachoma macho.

Joto humtoka bata pia kupitia mdomo na miguu, maana huko hakuna manyoya na damu inapita karibu na ngozi. Weka karai pana nje, kivulini, maji yafike magotini pao. Bukini wangu mzee huingia, husimama tu, kisha huzamisha kichwa mpaka machoni, anakitoa, anarudia. Robo saa baadaye mdomo umefungwa. Barafu ya nini? Maji ya kawaida yanatosha.

Vyombo vya kuku havimfai bata, pua haizami. Mpe ndoo fupi.

Kuhusu ganda: kuhema sana kunamaliza hewa ukaa kwenye damu, na hiyo ni sehemu ya malighafi ya ganda. Chokaa endelea kuwapa, ila joto lisiposhuka utalaumu chokaa bure.

Jogoo Mstaafu
Nyongeza ya chakula. Wape alfajiri na jioni, kwa sababu tumbo likisaga chakula nalo linatoa joto, na saa sita mchana hawalihitaji. Kilichobaki kimelowa, mwaga, usikionee huruma. Unyevu huu unaleta ukungu haraka, na bata huumizwa na sumukuvu kuliko kuku. Halafu usiwafukuzefukuze mchana. Kama kuna wa kukamatwa, subiri jua litue.

Bandani
Asanteni sana. Nina vifaranga pia, wana siku sita, hawana mama. Nao niwaweke kwenye karai?

Kiota
Hapana! Kifaranga asiye na mama manyoya yake hayajapata mafuta ya kutosha, atalowa, atachoka, atazama. Mpe chombo kidogo cha kuzamisha pua tu, tia mawe ndani asiweze kuingia mwili mzima.

Na karai la wakubwa limwagwe kila siku. Maji yaliyosimama yakioza kwenye joto, hasa kukiwa na mdudu au panya aliyefia humo, yanaweza kuleta sumu ya botulizimu. Ukiona bata miguu haina nguvu na shingo imelala chini kama kamba, usiseme ni joto. Watoe wote kwenye hayo maji, mwite daktari wa mifugo.

Bandani
Mrejesho. Maranda nimetoa, nimebandua mbao za upande unaotoka upepo na za upande wa pili, sasa hewa inapita. Leo saa nane bata saba wamefunga midomo, wawili bado wanahema lakini si kama jana. Shida mpya: bukini dume kalimiliki karai, kasimama katikati na hataki mtu asogee. Naenda kutafuta la pili.