Tupeane uzoefu: Mnahifadhije viungo vya utafiti na kuwagawia wenzenu?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba tupeane uzoefu kuhusu huduma za alamisho za pamoja, yaani zile zinazomwezesha mtu kuweka kiungo mtandaoni badala ya kukifungia kwenye kivinjari cha kompyuta moja, akakipa lebo na maelezo mafupi, kisha wenzake wakakiona.

Ninaanza na uzoefu wangu. Kikundi chetu kinatumia Diigo, ambayo huturuhusu kupaka rangi sentensi ndani ya ukurasa wenyewe na kubandika maoni hapo hapo. Wingi wa viungo haujatusaidia sana. Kiungo kilichotupwa bila neno lolote hakuna anayekifungua. Kinachosomwa na wote ni kile chenye maelezo kama haya: "Jedwali la 3 linaonyesha sampuli ilivyochaguliwa, na linapingana na makala tuliyoanza nayo. Hitimisho ni dhaifu, lirukeni." Nyinyi je?

Mpekuzi
Mimi nilianzia Delicious, iliyoasisiwa na Joshua Schachter mwaka 2003. Huko lebo zilitenganishwa kwa nafasi, kwa hiyo aliyeandika "afya ya jamii" alijikuta na lebo tatu, na ile ya "ya" ikazoa viungo vya kila mada. Tulikubaliana kuandika afya-ya-jamii, kwa herufi ndogo tupu, na hadi leo ninaufuata utaratibu huo hata katika huduma zisizoudai, kwa sababu kikundi ambacho mmoja anaandika "mwalimu", mwingine "walimu" na wa tatu "ualimu" kina maktaba tatu zisizojuana.

Faida ninayoithamini zaidi ni kufuata lebo za watu nisiowafahamu. Mtu aliyehifadhi makala kadhaa za mada yangu, ambayo ni adimu, aghalabu huwa na nyingine ambayo injini ya utafutaji haijawahi kunionyesha.

Karani
Pamoja na hayo, ndugu Mpekuzi, huduma hizi hazidumu. Connotea, iliyokuwa ya wachapishaji wa jarida la Nature, ilifungwa mwaka 2013. CiteULike, iliyopendwa na wanataaluma tangu 2004, ilifungwa mwaka 2019. Hiyo Delicious yako ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikauzwa tena, hadi Pinboard ilipoichukua mwaka 2017 na kuiacha iwe ya kusomwa tu. Julai 2025, Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, nao waliifunga Pocket, huduma yao ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mimi hupakua alamisho zangu zote katika faili la HTML, ambalo vivinjari vingi hulipokea bila shida. Faili hilo, hata hivyo, hubeba anwani tu, na ukurasa wenyewe unaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa makala ya jarida ninaweka kiungo cha DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, kwa kuwa hicho huelekezwa upya pale mchapishaji anapohamisha tovuti, mradi asisahau kusajili anwani mpya. Kwa ukurasa wa kawaida ninaomba kwanza Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za wavuti, ihifadhi nakala, kisha ninaandika anwani ya nakala hiyo ndani ya maelezo.

Mtulivu
Ninaongeza moja tu, kuhusu faragha. Baadhi ya huduma huweka alamisho zako wazi kwa kila mtu usipozifunga mwenyewe, na msomaji makini anaweza kuzipitia lebo zako akajua unachokiandika kabla hujakichapisha. Mimi huvifunga viungo vya kazi inayoendelea, nikavigawa ndani ya kikundi tu, na kuvifungua makala inapokwisha kukubaliwa.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Ndugu Karani, nakala hizo za Wayback Machine unaziomba moja moja kwa mkono, au una njia ya kuziomba kwa mkupuo?

Karani
Moja moja, ndugu yangu, tena ninaona ni afadhali, kwa sababu ukurasa ambao sioni haja ya kuuombea nakala kwa kawaida hata kuuhifadhi sihitaji.