Mjadala: Kwa nini mifuko ya plastiki ilipungua lakini taka zimebaki mtaani?

Mleta mada: Ndugu zangu, Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, na haikuchukua muda masoko ya Dar es Salaam yakahamia mifuko mbadala. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulioshika kasi baada ya Rais Magufuli kufuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 na kuwataka wananchi washike mafagio, haujapata matokeo ya namna hiyo. Maoni yangu ni kwamba marufuku iliwabana watu wachache wanaojulikana walipo, yaani wenye viwanda, waagizaji na wauzaji wa jumla, ilhali usafi unadai halmashauri ilete gari kila wiki, mwaka mzima. Mtaani kwetu tulizibua mfereji, tukatoa tope jeusi, chupa, nepi na kandambili zisizo na wenzake, tukavirundika kando ya barabara kusubiri gari. Gari halikuja. Jumanne mvua ikanyesha na rundo lote likarudi mferejini. Mwezi uliofuata hatukufika hata nusu, na mtendaji akaja na kitabu cha faini.

Mchangiaji wa kwanza: La gari nakubali, ila la mifuko unalisifia mno. Vifungashio vya plastiki, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa tu, ndivyo vinavyobebea nyanya na dagaa sokoni leo. Tena Manispaa ya Moshi imesifika miaka mingi kwa usafi, na kule sheria ndogo inambana hata mtu anayedondosha ganda la ndizi. Kwa hiyo mwananchi anabanika. Tatizo ni madiwani wanaoogopa kura.

Mleta mada: La vifungashio umenisaidia, kwa sababu marufuku ililegea palepale ilipomfikia muuza mboga, ambaye hakuna ofisi inayoweza kumkagua kila asubuhi. Moshi siibishii, lakini ni mji mdogo, na faini ina haki pale tu ambapo mtu ameonyeshwa pa kutupa na panazolewa. Dar es Salaam, katika mitaa mingi, mkandarasi analipwa kutokana na ada anayoikusanya mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa hiyo gari lake linafuata lami na wanaolipa, na uchochoro wa Tandale unaachiwa vijana wa mikokoteni, ambao nao hutupa wanapoweza. Dampo liko Pugu Kinyamwezi. Anayetoka Bunju anachoma mafuta na kukaa foleni karibu siku nzima kwa safari moja. Wananchi wakiona gari haliji hawalipi, wasipolipa mkandarasi anapunguza safari, na hapo sheria ndogo, hata iwe imeandikwa kwa ufundi gani, haijazi tangi la dizeli.

Kuhusu madiwani, hoja ya kura naona haitoshi, kwani mtaa unaonuka nao una wapiga kura. Naomba yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza atueleze: bajeti ya usafi inapokatwa, kinachoguswa kwanza ni mafuta ya magari au posho za vikao?