Mtoto wa mbwa na kazi ya kutwa, Dodoma

Wakuu, natoka Kisasa saa 1 asubuhi kwenda Mtumba, narudi saa 11 jioni. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 atamudu kushinda peke yake?

— Hapana, mkuu. Umri huo anabana mkojo masaa 3, labda 4, na anakula mara 3. Mlipe jirani amfungulie mchana. Au chukua aliyekomaa. Huyo hula mara 2.

— Banda la bati bila dari, kwa jua la Dodoma, ni tanuri. Liweke chini ya mwarobaini, juu ya matofali. Maji weka kwenye sufuria nzito uliyoifukia nusu. Ndoo ataipindua tu. Usimfunge mnyororo kutwa, atakuwa mkali.

— Chanjo ya kichaa cha mbwa je? Miezi 3 ndiyo wakati wake.