Nyoka ana alama za V mgongoni, ndo yule wa njuga mkiani?

Mkulima_Urambo: Wakuu habari za jioni. Jana tunahamisha kuni kwenye bani la kukaushia tumbaku tukakuta nyoka chini yake, mfupi ila mnene kama mkono, kahawia, mgongoni ana V zimepangana mpaka mkiani, akajikunja akaanza kupuliza kama tairi linatoka upepo. Dogo kashikilia ni yule wa njuga anayemuona YouTube, eti madoa yaleyale. Njuga yenyewe mimi sijaisikia. Hatukumuua, kaingia kwenye majani. Ni nani huyu?

Asali_Sikonge: Kifutu huyo, wala huhitaji picha. Wa njuga wako Amerika tu, Afrika nzima hayupo, mwambie dogo apunguze bando 😂 Angalia zile V, ncha zinaelekea mkiani. Rangi usiishike sana, kuna wa njano kuna wa kijivu. Sisi wa mizinga tunawajua, hakimbii huyo, anatulia palepale anajua humuoni, ndo maana watu wanamkanyaga.

dogo_wa_Isevya: Ila hata hao wa njuga wanatofautishwa kwa alama mjue. Yule wa Texas ana almasi mgongoni na mkia wa pete nyeusi na nyeupe zinazokaribia kulingana, wa jangwa la Mojave pete nyeupe ni pana kuliko nyeusi, halafu kuna wa misitu ya mashariki ya Marekani mkia mweusi tii. Na Wamarekani wenyewe bado wanawachanganya.

Ujiji_kwetu: Huku ziwani tuna swila wa maji, kahawia, pete nyeusi shingoni, anakula samaki, mpole tu ukimwacha. Ila rangi inadanganya jamani, watu wanangoja koboko awe mweusi wakati ngozi yake ni ya kijivu, weusi uko ndani ya mdomo, sasa mpaka uuone huo mdomo si umeshachelewa? Na kuna yule mla mayai, hana sumu kabisa, ana madoa kama ya nyoka wakali na anasugua magamba yanatoa sauti, anauawa bure.

Asali_Sikonge: Kweli. Mkuu, akiuma mtu msichanje wala kufunga kamba, sumu ya kifutu inaozesha nyama, mguu utulie, pikipiki moja kwa moja hospitali.

Mkulima_Urambo: Asanteni sana. Kuni zimebaki nusu, kesho ni mabuti na fimbo ndefu. Dogo kashasema ana homa.