Kabureta moja au mbili? Naomba mawazo kabla sijafunga injini

Gia ya Tatu
Wakuu, habari zenu. Injini ya gari langu la zamani inarudi wiki ijayo kutoka kuchongwa silinda, na nimekwama kwenye jambo moja. Gari lilikuja likiwa na kabureta moja ya kuchanganya hewa na petroli. Baadaye nikapata jozi ya kabureta pamoja na manifoldi yake, yaani bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini, kwa mtu aliyeacha mradi wake njiani. Nifunge mbili, au nirudishe ile moja? Wapo wanaosema mbili zina nguvu, wapo wanaosema sitaacha kutembea na bisibisi. Nataka kuamua sasa, maana injini ikishaingia mahali pake mkono haupiti vizuri.

Bisibisi
Mkuu, gari gani? Injini ya ukubwa gani, kabureta za aina gani? Kemshafti inayofungua valvu ni ya asili au imebadilishwa? Unalitumia kila siku? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kuba Mbili
Mbili, sina haja ya kusikia zaidi. Ukifungua boneti ukaona zile kuba mbili za juu ya kabureta zimekaa sambamba, moyo unatulia. Injini inaitika mguu mara moja.

Gia ya Tatu
Samahani, nilisahau. Ni MGB, gari la michezo la Kiingereza, injini ya 1798 cc, kemshafti ya kawaida. Kabureta iliyokuwepo ni Zenith-Stromberg moja, jozi niliyopata ni SU HS4. Gari ni la wikiendi na safari ndefu mara chache.

Fundi wa Jioni
Afadhali sasa. MGB ilitoka kiwandani na SU mbili tangu 1962. Stromberg moja ilianza kufungwa kwenye magari ya soko la Marekani kuanzia matoleo ya 1975, kwa sababu ya masharti ya moshi, wala si kwa kutafuta mwendo. Kwa hiyo ukiweka mbili unalirudisha gari kwenye asili yake. Ila kuna kitu hujakigusa: manifoldi ya Stromberg ni kipande kimoja, hewa na eksozi pamoja. Ukiing'oa, eksozi nayo imeondoka. Je, unayo manifoldi ya eksozi ya kwenda na hizo SU?

Dada Spana
Mimi nasimama na moja, ila si hiyo Stromberg. Tafuta SU moja kubwa, HIF44. Silinda nne hazivuti pamoja, zinapokezana 1-3-4-2. Na hedi hii ina matundu mawili tu ya kuingizia: 1 na 2 wanagawana moja, 3 na 4 wanagawana jingine. Silinda inapovuta kwenye jozi ya HS4, inategemea zaidi kabureta ya upande wake, koo la kupitisha hewa lenye kipenyo cha milimita 38, eneo karibu milimita za mraba 1,140. Kwenye HIF44 inapata koo zima, zaidi ya 1,500. Kwa gari la wikiendi, kwa nini ujitafutie sindano mbili za kupima petroli, floti mbili na spindeli mbili za vipepeo vya hewa?

Kuba Mbili
Dada, koo si kila kitu. Kwenye manifoldi ya kabureta moja mchanganyiko unasafiri mbali na kukata kona. Injini ikiwa baridi petroli inalowa ukutani. Na jozi ina bomba la kusawazisha katikati, si kwamba kila moja imefungiwa chumbani kwake.

Nyundo ya Mpira
Mleta mada, sikiliza yaliyonipata. Nilinunua jozi kama yako, muuzaji akaniapia zimefanyiwa matengenezo kamili. Nikifunga na kuseti jioni, injini inatulia kabisa. Asubuhi inamisi. Nikabadilisha plagi, kondensa, nikarudia taimingi, nikabadilisha gasketi mara mbili. Plagi za 1 na 2 zilikuwa nyeupe kama chaki, za 3 na 4 zimejaa masizi. Kila nikiongeza petroli, za nyuma zinazama zaidi. Miezi mitatu! Siku moja nikashika spindeli ya kabureta ya mbele kwa vidole, nikaitikisa: ilicheza. Hewa ilikuwa inapita pale muda wote. Nikachomoa sindano nisome herufi zake, hazikufanana. Jozi ile haikuwa jozi. Kufikia hapo valvu ya eksozi ya silinda ya kwanza ilikuwa imeungua, nikafungua hedi upya. Hadi leo naumia nikiikumbuka ile injini. Tikisa spindeli kwanza, mengine baadaye.

Bisibisi
Pole sana. Nyongeza: ukiseti mbili, legeza kwanza kiungo kinachoziunganisha, usikilize mdomo wa kila moja kwa mpira mwembamba mpaka mvumo ufanane. Petroli ndiyo ifuate. Na kuba zisikose oili, namba 20.

Kuba Mbili
Mimi naweka oili ya giaboksi ya otomatiki, miaka yote.

Fundi wa Jioni
Hiyo ni nyepesi mno. Oili ya kuba ndiyo inayochelewesha pistoni ya kabureta kupanda unapokanyaga ghafla, injini ikapata petroli ya kutosha. Ikiwa nyepesi, gari linasita kwanza ndipo liondoke.

Kuba Mbili
Langu halisiti.

Dada Spana
Nyote mnaongelea oili, mkuu hajajibu habari ya eksozi. Na pampu ni ipi? SU zinataka karibu pauni 3 kwa inchi ya mraba. Pampu yenye nguvu zaidi inaisukuma sindano ya floti inayofunga petroli, petroli inafurika.

Gia ya Tatu
Asanteni sana. Pampu ni ya asili. Eksozi sina, ni kweli, manifoldi ni kipande kimoja na sikuwaza hilo. Nimetikisa spindeli: ya mbele imekaza, ya nyuma inacheza kidogo. Nafikiria kurudisha Stromberg kwa muda ili injini ianze kuzoea, huku natafuta eksozi na bushi.

Fundi wa Jioni
Kabla ya hapo fungua kifuniko cha Stromberg, toa diafragma, ule mpira mwembamba unaoinua pistoni yake, iinue mbele ya taa.

Gia ya Tatu
Nimeinua. Kuna ufa pembeni, mwanga unapita.